Viti Kumi na Viwili vya Elimringi

Katika ukoo wote wa akina Elimringi, kuanzia Machame hadi Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, alikokuwa anaishi, hakuna aliyewahi kusoma kwa muda mrefu kama yeye, na hakuna aliyewahi kuulizwa mara nyingi kama yeye atamaliza lini. Mwaka huu ulikuwa wa saba. Tasnifu yake ilihusu jimbo la Madras, kusini mwa India, enzi za Mwingereza: namna watu walivyojipanga kivyama kwa kufuata matabaka waliyozaliwa nayo. Mama mkwe wake, akipiga simu kutoka Bukoba, alishaacha kuulizia habari za India. Siku hizi anauliza tu kama mkwe amepata kazi.

Kazi alikuwa nayo, ukiwa mtu wa huruma ukakubali kuiita kazi: vipindi viwili kwa wiki kwenye chuo kimoja cha Dallas, ambako vijana wanaosomea ufundi wa viyoyozi walimsikiliza kwa sababu ratiba haikuwaachia njia ya kutorokea. Nyumba iliendeshwa na mkewe, Dorothea, nesi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, zamu tatu za saa kumi na mbili kila wiki. Na Jumamosi, manesi wenzake wakiwa bado wamelala, Dorothea alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa akifundisha Kiswahili watoto thelathini na wanne.

Darasa lile lilikuwa lake. Alilianzisha miaka tisa iliyopita, siku ambayo binti yao Clara, akiwa na miaka sita, aliongea na bibi yake kwenye simu wakaishia kulia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Alianza na watoto watano na ubao wa kukunja. Lilipoanza kunoga, Chama cha Undugu, ambacho ni chama cha Watanzania wa Dallas, Fort Worth na Houston, kikalichukua. Kikaunda cheo cha Mlezi wa Watoto, kikampa Dorothea, na cheo hicho kikaingizwa kwenye kamati ya watu kumi na wawili. Dorothea hakujali kamati. Vikao vyenyewe alikuwa anahudhuria kwa simu huku akikunja nguo. Lakini tangu hapo ikawa sheria: aliye Mlezi ndiye mwenye darasa.

Ugomvi uliingia nyumbani kwao Jumapili mchana, ukiwa umevaa kofia ya kushonwa kwa mkono na kubeba kisahani cha kalimati. Alikuwa Twalibu, mtu wa Tanga, muuza magari wa Grand Prairie, ambaye hakuwa na kawaida ya kuja na kalimati bila sababu.

"Mwalimu," alisema, akitoa simu. "Wewe ni mtu wa vitabu. Nihesabie hapa. Kamati ina watu kumi na wawili. Huyu wapi? Moshi. Huyu? Moshi. Huyu? Rombo. Huyu Mwenyekiti wetu, Mzee Kalisti? Moshi tena. Saba, Mwalimu! Saba wametoka kwenye mlima mmoja!"

"Twalibu, sisi Watanzania hatuna ukabila."

"Hatuna, Mungu shahidi. Ndiyo maana mimi nimehesabu tu."

Twalibu akambonyezea sauti ambayo Mzee Kalisti alikuwa ametuma kwenye kundi la chama. Kalisti, mhasibu mstaafu, alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Ndugu zangu, watu wanachaguliwa kwa uwezo. Kama wenye uwezo wametokea upande mmoja, sasa tufanyeje? Tuwapunguzie akili?"

Elimringi nusura apaliwe na kalimati. Maneno hayo aliyajua! Aliyasoma kwenye magazeti ya Madras ya miaka mia iliyopita. Kule, Wabrahmini, tabaka la juu kabisa, walikuwa watatu tu katika kila watu mia, lakini ofisi za serikali zilijaa wao, na walipoulizwa walijibu hivyo hivyo, kwamba ni uwezo. Kwa miaka saba msimamizi wake alikuwa akimuuliza utafiti huu una faida gani kwa watu walio hai. Leo faida ilikuwa imekuja kwa miguu yake na kukaa kwenye kochi.

Halafu akakumbuka kwamba kwa hesabu hiyo yeye, mtoto wa Machame, ndiye Mbrahmini. Tusimfichie: jambo hilo lilimpa raha. Si kila siku mtu anapata nafasi ya kuwa mkosaji na hakimu kwa wakati mmoja, tena nyumbani kwake, na chai ipo.

"Kule Madras," alisema, akisimama bila sababu, "mwisho waliweka mzunguko. Kila nafasi kumi na mbili za kazi: tano kwa Wahindu wasio Wabrahmini, mbili kwa Wabrahmini, mbili kwa Waislamu, mbili kwa Wakristo na machotara, na moja kwa wale wa chini kabisa, waliokuwa wanahesabiwa najisi."

"Kumi na mbili," Twalibu alirudia. "Na sisi kamati yetu ni watu kumi na wawili."

Wakatazamana. Dorothea, aliyekuwa anapita na kikapu cha nguo, aliuliza kama kuna mtu anataka chai zaidi. Hakuna aliyemsikia.

*

Kuandika katiba mpya ya chama kulimchukua wiki tatu. Kuandika sura moja ya tasnifu kungemchukua mwaka, kwa hiyo alijiona amepata mbawa. Kaskazini aliipa viti viwili tu, kwa kuwa muungwana huanza kujipunguza mwenyewe. Pwani na Visiwa vitatu. Kanda ya Ziwa viwili, Nyanda za Juu Kusini viwili, Kati na Magharibi viwili. Kimoja kilichobaki akakiandikia Wengineo, akakitazama, akaona kimekaa vizuri.

Kikao cha kusuluhisha kilifanyika nyumbani kwa Mzee Kalisti. Mzee alikubali viti viwili kwa shida, akisema kwamba hata hivyo yeye hajui kabila lake ni nini, anajua tu kwamba kahawa ya kwao ni bora. Twalibu ndiye aliyekwama.

"Kuna mlango wa nyuma hapa," alisema Twalibu. "Hawa ndugu zetu wa Kaskazini wameoa kila mahali. Mtaniambia Kaskazini viti viwili, kesho mke wa huyu anaingia kwa Ziwa, mke wa yule anaingia kwa Kusini, tunarudi kwenye saba. Lazima mke ahesabiwe upande wa mumewe."

"Hiyo mimi sina ubaya nayo," alisema Kalisti haraka, kwani mkewe alikuwa wa Kibosho, mlima ule ule, na hakuwa na cha kupoteza.

Wakamgeukia Elimringi. Hapo palikuwa na kitu kilichopita kichwani mwake, kitu chenye sura ya Dorothea, lakini kilipita kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa miezi miwili walikuwa karibu kushikana mikono, na wa kuwashikisha ni yeye. Akaandika: kifungu cha nne, herufi C. Mke atahesabiwa upande wa mumewe. Watoto vilevile.

Dorothea alimuuliza siku moja, amerudi kutoka zamu, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. "Hiyo katiba yenu, darasa langu hamjaligusa?"

"Mama Clara, nani aguse darasa?"

"Nauliza tu. Nionyeshe basi."

"Nita-print nikuletee. Ila ni mambo ya kitaalamu sana, utachoka bure."

Hakuwa anadanganya. Angekuwa anadanganya angekuwa mtu wa maana zaidi. Aliamini kabisa kwamba kitu alichokiandika mwenyewe hakiwezi kumdhuru mtu anayempenda.

*

Mkutano mkuu ulifanyika Sugar Land, jirani na Houston, kwa sababu watu wa Houston walikuwa wamechoka kuendeshwa hadi Dallas kila mwaka. Ukumbi ulijaa. Katiba ikasomwa, Elimringi akatoa maelezo kuhusu Madras ambayo yalisikilizwa kwa heshima ile watu wanayoipa dua ndefu kabla ya pilau, na ikapita. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema mtoto huyu ameokoa chama.

Kisha Kalisti akatangaza kila upande uende kwenye kona yake uchague majina.

Hapo ndipo Watanzania mia na arobaini wasio na ukabila waliponyanyuka na viti vyao. Zilisikika "samahani" na "nipishe hapo" kila upande. Wengine walicheka kwa aibu, wengine walikwenda kwa mwendo wa watu waliokuwa wakiingoja siku hiyo. Msichana mmoja ambaye baba yake ni Mpemba na mama Mnyakyusa alizunguka ukumbi mara mbili na sahani yake mkononi, mwishowe akaenda kusimama karibu na masufuria. Baada ya muda wakamfuata wengine watatu wa aina yake, na hiyo ndiyo ikawa Wengineo.

Dorothea alikwenda kona ya Ziwa. Walimpokea kwa vigelegele, na jina lake likawa la kwanza kuandikwa. Kaskazini nao walimaliza upesi: Kalisti kuendelea kuwa Mwenyekiti, na kwa kiti cha pili, kwa kauli moja, mwandishi wa katiba yenyewe kuwa Katibu. Elimringi alikataa mara ya kwanza, kwa adabu, akakubali mara ya pili.

"Kanda ya Ziwa," Kalisti alisoma kwenye kipaza sauti, "wanamleta Bi. Dorothea, aendelee na Ulezi wa Watoto."

Twalibu alisimama. Ni lazima isemwe kwamba hakufurahia. Alikuwa amekunja karatasi mpaka imekuwa ndogo. "Shemeji, nisamehe sana. Binafsi sina neno nawe, na binti yangu unamfundisha. Lakini tukianza kuvunja katiba leo leo... Kifungu cha nne, herufi C. Wewe uko Kaskazini. Na Kaskazini viti vimejaa."

"Herufi C inasemaje?" Dorothea aliuliza.

"Mke atahesabiwa upande wa mumewe."

"Nani kaandika hivyo?"

Watu mia na arobaini walitazama mahali pamoja. Elimringi akajitazama viatu.

Dorothea alisogea katikati ya ukumbi. Hakupandisha sauti, manesi hawapandishi sauti. "Baba Clara, mama yako mwaka wa kumi na nane huu ananiita yule Mhaya. Kwenye msiba wa baba yako niliwekwa na wapishi wa kukodi, watoto wa ndani wakavaa sare, mimi sikupewa. Nilinyamaza. Leo, siku ya kunyang'anywa kitu, ndiyo nimekuwa mtu wa Machame?"

Kuna waliocheka, wakidhani ni utani wa makabila. Walipomwangalia usoni wakaacha.

Kalisti, tumtendee haki, alijaribu. "Jambo hili ni dogo. Kaskazini ina viti viwili. Katibu akimpisha mkewe, upande wetu utachukua Ulezi badala ya ukatibu, na darasa linabaki lilipo. Ndani ya nyumba moja tatizo liko wapi? Ndugu Katibu?"

Elimringi akapewa kipaza sauti. Kilichotakiwa kilikuwa neno moja, tena fupi. Lakini makofi yale yalikuwa bado yako masikioni, na miaka saba ni mingi kwa mtu kukaa bila kupigiwa hata kofi moja, na dakika hii wangemwona anaivunja katiba yake kwa ajili ya mkewe. Akafungua mdomo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kwa kweli hata kule Madras, mzunguko ulipoanza kutekelezwa, kulitokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja..."

Aliongea dakika nne. Alipomaliza, Dorothea alikuwa ameshatoka nje, na Ulezi wa Watoto ulikuwa umechukuliwa na Pwani na Visiwa.

*

Mlezi mpya alikuwa mama mwema wa Houston ambaye hakuwa ameomba cheo hicho. Cedar Hill ni mbali naye kwa saa nne za barabara, kwa hiyo akaamua darasa lifanyike kwa mtandao. Jumamosi ya kwanza walijitokeza watoto ishirini na sita, wakazima kamera. Jumamosi ya pili walikuwa tisa, na mmoja alisikika akicheza mchezo wa magari.

Jumamosi hizo mbili Dorothea alilala mpaka saa nne. Aliamka, akanywa chai, akafuta jiko lililokuwa limeshafutwa. Alipozungumza na mumewe, alizungumza kama anavyozungumza na ndugu wa mgonjwa: kwa upole, kwa maneno machache, huku akielekea mlangoni. Clara, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tano, hakuzungumza na baba yake kabisa.

"Clara, mwambie baba chakula tayari."

"Dad, food," Clara alisema, akiangalia friji.

Jumamosi ya tatu gari moja lilisimama mbele ya nyumba yao, likashusha watoto wawili. Kisha jingine. Akina mama hawakueleza lolote. Walisema tu, "Dada, utuangalizie mpaka saa sita," wakaondoka. Kufika saa tatu na nusu sebuleni palikuwa na watoto kumi na wanane wamekaa kwenye zulia, na ubao wa kukunja umetolewa stoo. Kati yao alikuwemo binti wa Twalibu, mwenye miaka tisa, ambaye baba yake alimshushia kona ya mtaa ili gari lisionekane.

Jumamosi iliyofuata, watoto wakiwa wamerudi, Mzee Kalisti akapiga simu. "Ndugu Katibu, kuna taarifa kwamba kuna darasa la pembeni. Mlezi wa Houston amelalamika. Mimi mwenyewe roho inaniuma, lakini kamati imeshaamua: andika barua ya onyo kwa wahusika. Unalijua darasa hilo lilipo?"

"Nalijua," alisema Elimringi. Alikuwa amekaa kitandani, ghorofani, na chini ya miguu yake watoto walikuwa wanaimba majina ya siku.

Angeweza kukataa. Badala yake aliiandika. Aliiandika vizuri pia, huo ndio ugonjwa wake. Akaongeza "kwa mujibu wa" mara tatu. Alipanga kuiprinti na kuipeleka kwa wahusika kwa wakati muafaka, pengine baada ya chakula, pengine baada ya mwaka. Akabonyeza. Kisha akakumbuka printa iko wapi.

Aliteremka ngazi akikimbia, kandambili moja ikabaki juu. Alipofika sebuleni, binti wa Twalibu alikuwa ameshaichukua karatasi ikiwa bado ya moto, ameshaipeleka kwa mwalimu wake, na mwalimu ameirudisha mkononi mwake.

"Soma," Dorothea alimwambia. "Taratibu. Kwa sauti."

"Kwa wa-hu-si-ka wa da-ra-sa li-si-lo rasmi," mtoto alisoma, kidole kikifuata mstari. "Mna-a-gizwa... ku-sitisha... mara moja..."

"Vizuri sana. Endelea."

Alisoma yote. Hakuruka hata neno moja, na kila aya ilipoisha Dorothea alimpigia makofi, na watoto wengine nao wakapiga, kwa kuwa wao walijua tu kwamba mwenzao amesoma karatasi ya watu wazima. Elimringi alisimama mbele ya ubao na mguu mmoja mtupu. Alikuwa amezoea kuota ndoto za kutetea tasnifu bila suruali, lakini hii ilikuwa kubwa zaidi.

"E-lim-ri-ngi. Katibu," mtoto alimaliza, akainua macho. "Teacher, that's Clara's dad."

"Yeah," Clara alisema kutoka jikoni. "We know."

Dorothea aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akamtazama mumewe. Kwa wiki nne alikuwa hajamtazama hivyo, usoni moja kwa moja.

"Nina swali moja tu, Baba Clara. Sitaki la Madras. Siku ile kwa Kalisti mlikuwa watatu mezani. Mlitaka kupatana, kila mmoja akatoa kitu. Wewe ulichotoa ni changu. Kwa nini changu?"

Alitafuta jibu la kitaalamu. Lilikuwepo, tena alikuwa nalo kwenye kompyuta, kurasa arobaini: kwamba pale mjini Madras wakubwa walipogawana, kila upande ulikuwa na watu wake nyuma, na kiti kimoja cha mwisho kiliwaangukia wale ambao hawakuwa na mtu chumbani wa kuwasemea. Alikuwa ameandika kurasa zile kwa hasira ya kweli. Aliwahi hata kulia, peke yake, maktabani, kwa ajili ya watu waliokufa miaka themanini iliyopita.

"Kwa sababu Twalibu ana watu," alisema. "Kalisti ana watu. Wewe pale mezani ulikuwa na mimi tu."

Hata wadogo, ambao hawakuelewa nusu ya maneno, walielewa kwamba mtu mzima anakaribia kulia. Dorothea akachukua kalamu ya ubao.

"Sogea," alisema. "Unawazibia watoto."

Simu ikaita mfukoni mwa Elimringi. Alipokea bila kufikiri.

"Katibu," ilisema sauti ya Mzee Kalisti, "ile barua imefika?"

"Imefika, Mzee. Wameisoma yote."

"Enhe! Wamesemaje?"

"Wameniambia nisogee, nazibia watoto."

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimesogea," alisema Elimringi, na ilikuwa kweli. Mgongo wake ulikuwa umeshagusa ukuta, karibu na kapu la viatu vya watoto. "Na huo ukatibu pia, Mzee, nimesogea. Mpeni mwenye watu."

Alikata simu. Alimwangalia mkewe, akitumaini, kama mjinga, kwamba amesikia. Alikuwa amesikia. Lakini hakugeuka, alikuwa anaandika ubaoni, na watoto kumi na wanane walikuwa wanamfuata, herufi kwa herufi.